Waliniomba usiku, nikajifanya sikusikia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika kwamba mgonjwa anayeomba kusaidiwa kufa ni mtu aliyekata tamaa, na kwamba kazi ya daktari ni kumrudishia matumaini, basi. Barua yake ilikuwa fupi na yenye lugha nzuri. Nahisi tu kwamba mwenye kuiandika hajawahi kuwa zamu ya usiku. Matumaini huja na ndugu saa ya kutazama wagonjwa, na ndugu wakiondoka huondoka nao. Saa tisa usiku wodini hubaki mgonjwa, mashine ya oksijeni inayokoroma, na muuguzi mmoja mwenye wagonjwa ishirini na wawili.

Muuguzi huyo nilikuwa mimi. Nilifanya kazi hiyo miaka 31, na 14 ya mwisho niliimalizia katika wodi ya watu ambao madaktari walikuwa wameshaacha kuzungumzia kupona kwao. Sasa nimestaafu, magoti hayanitaki, na ninao muda wa kukumbuka mambo ambayo kazini sikuwa na nafasi ya kuyakumbuka.

Niseme msimamo wangu mapema ili anayetaka kukunja gazeti alikunje. Nataka sheria imruhusu mgonjwa mwenye akili timamu, mwenye ugonjwa usiotibika na ambaye kifo chake kiko karibu, amwombe daktari dawa ya kumaliza maisha yake, na daktari atakayempa asiitwe muuaji. Sikuanza hivi. Nilipoingia uuguzi ningekuwa wa kwanza kutia saini ya kupinga. Na kilichonigeuza si huruma, ingawa huruma ninayo; huruma ni mshauri mbaya wa kutunga sheria. Kilichonigeuza ni ukimya wetu sisi tuliovaa sare.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye mpaka leo sijamalizana naye.

Alikuwa mwalimu wa hisabati aliyestaafu, na wodi nzima ilimwita Mwalimu, hata profesa aliyepita na kundi la wanafunzi wake. Alikuwa na saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa hadi kwenye ini. Mtu mwembamba, mstaarabu, wa kukuomba radhi kwa kukusumbua kabla hujajua anataka nini. Chini ya mto aliweka daftari la hesabu, lile lenye miraba, na penseli iliyochongwa kwa wembe.

Usiku wa kwanza aliniuliza: "Sista, hakuna dawa ya kunilaza moja kwa moja?" Nikamwambia za usingizi zipo, nitamuuliza daktari asubuhi. Nilijua vizuri kwamba hakuulizia usingizi. Usiku wa pili akaja wazi zaidi: "Ingekuwa wewe ndiye umelala hapa, na mimi ndiye mwenye funguo za lile kabati, ungeniomba?" Kabati alilolisema ni lile la kufuli mbili tunamotunza mofini, dawa kali ya maumivu, lenye daftari linalosainiwa na watu wawili kila dozi inapotoka. Nikamweka sawa mto, nikamwambia asiwaze hayo, Mungu yupo. Usiku wa tatu nilipofika kitandani kwake akageukia ukutani. Hakuniuliza tena lolote, si hilo wala jingine. Alifariki siku kumi na moja baadaye, mchana, mimi nikiwa nyumbani nimelala.

Kwa nini nilimjibu vile? Niliogopa. Katika nchi nyingi kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai, na muuguzi hujifunza mapema kwamba hata maneno yana hatari. Ukiandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameomba kufa, kesho akifariki ghafla utaulizwa wewe uliyekuwa zamu. Basi huandiki. Asubuhi ukikabidhi zamu unasema "amelala vibaya", mwenzako anaelewa, naye haandiki. Swali linazunguka wodi nzima kwa nyusi na mabega, na halimfikii hata siku moja mtu mwenye uwezo wa kulijibu.

Siku ya kukusanya vitu vyake nilifungua lile daftari. Nilidhani nitakuta hesabu. Nikakuta jedwali lililopigwa mistari kwa rula: safu ya kwanza saa aliyopewa mofini ya maji, ya pili saa maumivu yalipotulia, ya tatu saa yaliporudi. Siku kumi na tisa. Sasa, mofini ya kunywa ya kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, ndiyo maana hupangwa kila baada ya saa nne. Ya kwake ilikuwa imeandikwa kila baada ya saa sita. Nani aliandika hivyo sitaki kulifufua, maana mimi niliyempa kila usiku nilisoma karatasi hiyo hiyo na sikuhoji. Kila dozi ilipokwisha nguvu mtu yule aliungua karibu saa mbili akisubiri nyingine, mara nne kwa siku, na akayaandika yote kwa mwandiko wa mtu anayesahihisha mitihani.

Laiti ningevuta kiti nikamuuliza, "Mwalimu, unataka kufa kwa nini?" angenionyesha ule ukurasa. Pengine angebaki na ombi lake hata baada ya saa kurekebishwa; saratani ya kongosho haina adabu. Lakini angalau tungekuwa tunazungumza.

Wapinzani wa sheria wataniambia hapo hapo: umeona? Mpeni mgonjwa tiba shufaa iliyo nzuri, yaani matunzo ya kumpunguzia mateso asiyepona, na ombi la kufa litayeyuka. Nusu ya maneno hayo naitia saini kwa mikono miwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa kila mwaka, na wanaoipata ni kama asilimia 14. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa ziliambulia tani 0.1. Nukta sijaikosea. Wala si dawa ya miujiza kuitengeneza: Uganda huchanganya mofini ya unga na maji, na tangu mwaka 2004 wauguzi wao waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kisheria kuiandikia wagonjwa. Anayepinga kusaidiwa kufa, na hapo hapo hajawahi kupaza sauti kuhusu mofini, mimi humsikiliza kwa sikio moja.

Nusu ya pili siitii saini, kwa sababu ya fundi cherehani.

Huyu alikuwa dada wa miaka arobaini na kitu, mwenye ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ule ule aliokuwa nao mwanafizikia Stephen Hawking. Huanza mkononi, au mguuni, au kwenye ulimi, halafu unasambaa mpaka kwenye misuli ya kupumua. Akili mara nyingi hubaki ilivyokuwa. Yeye ulimwanzia kwenye kidole gumba cha kulia, kilichomfanya akosee kutunga uzi, na alidhani anahitaji miwani. Alipofika kwetu alikuwa amebaki na macho. Mumewe alishika ubao wa herufi na kupitisha kidole, yeye akapepesa kilipogusa herufi anayoitaka. Sentensi moja ilichukua dakika tano. Maumivu yake tuliyaweza. Daktari wa magonjwa ya akili alimwona mara mbili na hakukuta sonona. Ombi lake hakulileta usiku kwa kunong'ona, alilitoa mchana, mbele ya mumewe na daktari, akalipia dakika zake zote: "Nisaidieni kumaliza nikiwa bado mimi."

Daktari alimjibu kwa upole na kwa ukweli kwamba sheria haimruhusu. Akamweleza haki aliyokuwa nayo. Mgonjwa mwenye akili timamu anaweza kukataa tiba, iwe mashine ya kupumulia au mpira wa kulishia, na maadili ya udaktari hayahesabu hilo kuwa ni kuua. Husemwa kwamba ugonjwa ndio ulioua. Akakataa mpira wa kulishia. Tukampa dawa za kumtuliza, na kazi yangu ikawa kulowanisha pamba na kumpaka midomoni isipasuke. Ilichukua siku tisa. Siku ya sita mumewe alinifuata kwenye korido akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyepotea njia: "Sista, hii ndiyo iliyo halali?"

Nilimwambia ndiyo. Ningesema nini?

Wenye elimu ya maadili wana maneno mengi ya kutenganisha kumwacha mtu afe na kumsaidia afe, na mengi ni ya kweli. Nia ina uzito. Daktari anayeongeza mofini ili kutuliza maumivu, akijua huenda ikafupisha maisha, hafanani na anayekusudia kifo. Nakubali. Ila siku ya nane, nikibadilisha pamba, niliona tofauti ile inamlinda daktari, inamlinda hakimu, na inanilinda mimi. Yule dada haikumlinda na kitu.

Mfumo ninaoutaka unatumika Oregon, Marekani, kwa muda mrefu kuliko kwingine. Wapiga kura waliupitisha mwaka 1994, ukaanza kazi 1997. Madaktari wawili wathibitishe kwamba ugonjwa utamuua mgonjwa ndani ya miezi sita, yeye mwenyewe aombe kwa mdomo mara mbili na kwa maandishi mara moja mbele ya mashahidi wawili, na dawa ainywe kwa mkono wake. Kuna kifungu kimoja ambacho waandishi wa magazeti hukiruka na mimi hukirudia: daktari analazimika kumweleza mwombaji njia nyingine zilizopo, ikiwamo kutunzwa kama mtu anayekaribia kufa na kudhibitiwa maumivu yake. Yaani mgonjwa akilitamka neno lile, mtu analazimika na sheria kuvuta kiti. Mwalimu angekaliwa na daktari kuzungumzia maumivu yake, na ikaandikwa kwenye faili, kwa sababu tu alikuwa ameomba kufa. Kwetu, kwa sababu ameomba kufa, ndiyo maana hakuulizwa.

Idara ya afya ya jimbo hilo hutoa ripoti kila mwaka. Tangu waanze, karibu mmoja kati ya kila watatu walioandikiwa dawa hakuinywa; ilikaa kabatini, akafa na ugonjwa wake. Wapo wanaosema hao hawakuwa na uhakika na walichokiomba. Mimi nawaona wale niliowauguza, walioogopa kufungiwa chumba kimoja na kinachokuja zaidi ya walivyoogopa kufa kwenyewe. Mtu akijua mlango una kitasa upande wake, anaweza kulala.

Katika ripoti hizo, karibu tisa kati ya kumi hutaja, kama sababu ya kuomba, kupoteza uwezo wa kujiamulia, au kushindwa kufanya yale yaliyoyapa maisha yao ladha. Maumivu, au hofu ya maumivu, hutajwa na kama theluthi. Mwalimu angekuwa katika kundi dogo, fundi cherehani katika kubwa.

Ila ipo sababu moja inayonitisha, na sitaificha eti kwa kuwa inaniharibia hoja. Miaka ya karibuni zaidi ya wanne kati ya kila kumi wametaja pia kwamba hawakutaka kuwa mzigo kwa watu wao. Sentensi hiyo nimeisikia wodini mara nyingi sana, na nimejifunza kusikiliza sauti iliyoibeba. Kuna mama anayesema "sitaki kuwasumbua wanangu" kama alivyosema maisha yake yote, hata akiwa mzima wa afya. Ni tabia yake, ni namna yake ya kuwapenda. Na kuna anayeyasema hayo kwa sababu mchana, nyuma ya pazia, alimsikia mwanawe akiuliza itagharimu kiasi gani kumweka wiki nyingine. Maneno ni yale yale. Fomu haiwezi kuwatenganisha. Daktari aliyekuja kwa dakika ishirini hawezi. Aliyekuwapo pazia lilipofunguliwa, akauona uso wa mama, anaweza.

Kwa hiyo nataka muuguzi awekwe ndani ya sheria yenyewe. Ubelgiji, katika sheria yao ya mwaka 2002, humtaka daktari alizungumzie ombi hilo na wauguzi walio karibu na mgonjwa. Mimi nataka zaidi ya kuzungumza: muuguzi aliyemhudumia aandike anachokijua, asaini, na akiandika "subirini" ombi lisisogee mpaka neno lake lijibiwe. Wenzangu kazini watanichukia kwa kuwaongezea karatasi. Wanichukie.

Na kauli ya kwanza itoke kwa mgonjwa. New Zealand, ambako sheria ilianza Novemba 2021 baada ya kura ya maoni kuikubali kwa asilimia 65, inamkataza mhudumu wa afya kuwa wa kwanza kulitaja jambo hili. Nilipolisoma hilo nilishusha pumzi. Hakuna anayetaka muuguzi apite na orodha ya dawa za jioni na hiyo ikiwamo.

Wanaosema "mkianza hamtaweza kuacha" wana mfano wao, nao ni Kanada. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilifungua njia mwaka 2015; sheria ikaja 2016, ikiwa ni ya watu ambao kifo chao kinaonekana kinakuja; mwaka 2021 wakaingizwa hata wale ambao kifo chao hakiko karibu. Mwaka 2023 watu 15,343 walikufa kwa njia hiyo, asilimia 4.7 ya vifo vyote. Oregon, baada ya zaidi ya robo karne, bado haijafika kifo kimoja katika kila mia. Tofauti za nchi hizi ni nyingi, lakini mimi mwenye kazi ya mikono naitazama ile ya mkono. Kanada karibu wote huchomwa sindano na daktari au muuguzi. Oregon mgonjwa hunyanyua kikombe mwenyewe.

Kikombe unaweza kukiweka chini. Unaweza kusema kesho, na kesho ukasema tena kesho. Kumwambia daktari aliyekwisha kufika na begi lake, kwa miadi, ndugu wamekusanyika na macho mekundu, kwamba "leo hapana" kunahitaji nguvu ambazo mgonjwa mahututi hana. Nimeona watu wazima wakinyoosha mkono watolewe damu wasiyotaka kutolewa, kwa kumwonea haya tu msichana aliyekuja na sindano. Nawajua wagonjwa. Ni watu wa kutii.

Lakini fundi wangu hangeweza kunyanyua kikombe, na hapo hoja yangu inachechemea. Ukisema mkono wa mgonjwa na si mwingine, unamwambia mwenye ugonjwa ule afe mapema, angali na mkono, aache miezi mizuri ambayo angeishi. Mwingereza Diane Pretty, mwenye ugonjwa huo huo, alifikisha kesi yake hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya akiomba mumewe asishtakiwe akimsaidia. Alishindwa mwishoni mwa Aprili 2002, na hazikupita wiki mbili akafariki, akiwa amehangaika na pumzi kama alivyokuwa akihofia. Sheria ya jimbo la Victoria, Australia, ilipoanza kutumika mwaka 2019 ilikuja na njia ya kati: mgonjwa anywe mwenyewe, na daktari aruhusiwe kumpa pale tu mwili wake umeshindwa kabisa kuitumia dawa bila msaada. Naichukua njia hiyo, shingo upande, kwa sababu nikiikataa itanibidi nimtazame yule mume kwenye korido na kumjibu tena ndiyo.

Msomaji wako alisema pia kwamba madaktari hukosea kutabiri, na akamtaja huyo huyo Hawking, aliyeambiwa mwaka 1963 kwamba ana kama miaka miwili akaishi hadi 2018. Ni kweli tupu. Ila amesahau kwamba Hawking mwenyewe alitamka hadharani mwaka 2013 kwamba mgonjwa asiye na tiba, mwenye maumivu makali, aruhusiwe kusaidiwa kufa, mradi pawe na ulinzi wa kutosha dhidi ya kulazimishwa. Mtu aweza kutaka kuishi miaka hamsini na akataka mlango uwe na kitasa. Kuhusu utabiri wenyewe, Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont walichapisha mwaka 2000 utafiti wa madaktari 343 na wagonjwa 468 waliokuwa wakikaribia kufa. Utabiri uliokuwa sahihi ulikuwa asilimia 20 tu. Lakini kosa lao lililegemea wapi? Katika asilimia 63 walimpa mgonjwa muda mrefu kuliko aliobaki nao. Hilo halikunishangaza hata kidogo. Daktari naye ni mtu, anampenda mgonjwa wake, anamwongezea miezi mdomoni. Miezi sita ya daktari, kwa uzoefu wangu wa kukunja mashuka, ilikuwa miwili.

Dini sitaigusa sana. Mimi ni mtu wa ibada, nasali kabla ya kulala kama nilivyosali kabla ya kuingia zamu, na nimeombwa na viongozi wangu wa imani nifikiri upya, nimefikiri. Asiyeweza kunywa kikombe kile kwa ajili ya imani yake asinywe, na daktari au muuguzi asiyeweza kukitoa asiguswe. Chama cha Madaktari Duniani, ambacho kwa msimamo wake kingenipinga, kilisema katika tamko lake la mwaka 2019 kwamba daktari asilazimishwe kushiriki wala asilazimishwe kumwelekeza mgonjwa kwa mwingine. Sehemu ya kwanza naikubali. Ya pili naiona ni kumwacha mgonjwa ukutani tena.

Mhariri, jina langu na anwani unavyo. Naomba visichapishwe, kwa ajili ya wagonjwa wangu na ndugu zao, ambao nimebadilisha mambo mawili matatu wasitambulike. Kuna mmoja tu ambaye ningependa ajitambue. Siku ile ya kukabidhi vitu, binti wa Mwalimu alilishika lile daftari la miraba, akafungua, akaona safu tatu za saa zilizopangwa vizuri. Akaniuliza, "Hizi namba ni za nini, Sista?" Nikamjibu kwamba ni hesabu zake tu, baba yako alipenda hesabu. Akatabasamu, akalitia kwenye mkoba.

Dada yangu, kama bado unalo, safu ya tatu ndiyo saa maumivu yaliporudi. Mimi ndiye niliyekuwa zamu.

Wako,
Muuguzi mstaafu